NYAMA YA SAA SABA

Kuna watu wanaodhani kupika ni kuwasha moto na kungoja. Hao hawajawahi kualikwa karamu saa saba mchana wakala saa kumi na mbili jioni. Sisi tulialikwa. Ilikuwa Pasaka ya mwaka 2023, nyumbani kwa mjomba, huko Bungoma. Wapishi wa kukodi waliwasha moto jua likiwa utosini. Wageni wa Kitale waliondoka na njaa ili wasikose matatu. Mama alisema neno, mjomba akajibu neno, na tangu siku hiyo ndugu hao wawili wakawa wanasalimiana tu mazishini.

Kwa hivyo Desemba ya 2024, kukhu alipotimiza miaka themanini na mjomba akapiga simu mwenyewe kumwomba mama asimamie nyama, nilijua si nyama tu inayopikwa.

Mama huuza chakula karibu na stendi ya Kitale na hana mchezo na saa. Mjomba alikuwa amechinja nguruwe, akatutengea mikono miwili ya mbele, kila mmoja kilo sita. Nyama ya bega ina mishipa mingi migumu. Ukiichoma haraka juu ya moto mkali utatafuna kama kandambili. Inataka moto wa chini na moshi, saa nyingi, mpaka ile mishipa iyeyuke iwe laini. Tena nguruwe asiyeiva anaweza kumwachia mtu minyoo ya tegu, kwa hivyo hakuna kuharakisha.

Jioni ya mkesha mama aliniambia, "Wewe ndiwe wa hesabu. Leta kalamu."

Kadirio lake ni kama saa tatu kwa kilo. Mjomba akaruka, "Kilo kumi na mbili! Si hiyo ni siku na nusu?" La hasha. Moto hauhesabu jumla ya nyama, unahesabu unene wa kila kipande. Mama alikata kila mkono vipande vitatu vya kilo mbili mbili. Saa sita basi, tukaongeza moja kwa sababu ya upepo. Kisha tukahesabu kinyumenyume. Wageni saa saba. Nyama ipumzike saa moja kabla ya kukatwa, hiyo ni saa sita. Akiba ya saa mbili, saa nne. Toa saa saba za kupika, unafika saa tisa usiku. Makaa yanataka saa nzima kukolea. Moto uwashwe saa nane usiku!

"Nyama ikiiva mapema je?" mjomba akauliza. Mama akamjibu kuwa iliyowahi hufungwa kwa majani ya mgomba na blanketi, ikakaa moto, bali iliyochelewa haina dawa.

Saa nane tuliwasha. Tulitumia pipa lililopasuliwa, wavu juu yake na bati la kufunikia, kuni za mpera na magunzi ya mahindi tuliyotoka nayo Kitale (nilicheka nilipoona magunzi ndani ya matatu, lakini moshi wake ni mtamu). Kuni za mkaratusi mama alizikataa, eti nyama itanuka dawa ya kifua.

Mambo yalikwenda vyema mpaka alfajiri. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu uma ulikuwa ukikwama palepale, kana kwamba nyama imegoma. Mjomba akaja na mzigo wa kuni. "Dada, hii haitaiva! Tuongeze moto, ama tuaibike tena?"

Pakawa kimya. Lile neno "tena" lilikuwa zito. Mama hakumfokea. Alimwonyesha maji yaliyokuwa yakitoka juu ya nyama. "Inatoa jasho, ndugu yangu. Jasho linaipoza kama linavyokupoza wewe shambani. Tuifunge." Nami nikakumbuka somo la fizikia kuhusu uvukizaji, nikachekelea ndani kwa ndani. Tukaifunga kwa majani ya mgomba, jasho likakosa pa kwenda. Mjomba akaziweka kuni zake chini, akaketi juu yake.

Saa tano kasorobo uma uliingia wenyewe na mfupa ukachomoka. Akiba yetu ilikuwa imeliwa dakika arobaini na tano tu.

Wageni walifika saa saba unusu, kama ada. Shangazi yetu Msabato alikuwa na kuku wake kwenye sufuria ya pekee, isiyoguswa na mwiko wetu. Kukhu, ambaye meno yamebaki machache, alikula vipande viwili akaomba cha tatu. Mjomba alimpakulia mama sahani kwa mkono wake, wakakaa benchi moja wakibishana nani kati yao alikuwa mwizi wa sukari utotoni.

Saa kumi tulikuwa barabarani kungoja matatu ya Webuye, tumeshiba.