Bafu lisilo na mlango

Najua nimewatupa kama wiki tatu hivi, majaribio yalinibana, si mnajua tena mambo ya Mlimani. Leo sina habari za kampasi. Nataka kuongelea bafu. Msicheke.

Ni hivi: nyumbani Tanga wanakarabati bafu, na kwa kuwa nasoma uhandisi ujenzi (mwaka wa pili tu jamani!) nimegeuzwa mshauri mkuu kwa njia ya simu. Bafu lenyewe dogo, mita 1.6 kwa 2.4, choo na shawa humo humo. Sehemu ya kuogea imekingwa na kizingiti cha tofali, sentimita 12 hivi, ili maji yasitambae. Hakikumsumbua mtu miaka yote mpaka Bibi, mama yake baba, alipopata kiharusi mwaka jana. Mguu wa kushoto anauburuza. Sasa kila akioga lazima Mama amnyanyulie mguu avuke, kwenda na kurudi.

Baba anataka kile kijumba cha kioo chenye mlango wa kusukuma. Alikiona hotelini, na nia yake nzuri kabisa, kajinyima ili mama yake apate kitu cha maana. Mama anataka pazia. Fundi anasema vyovyote iwavyo kizingiti kibaki, manake bila hicho maji yatawafuata mpaka sebuleni. Mwenyewe Bibi hakuna aliyemuuliza! Nikampigia mimi. Akaniambia, "Mume wangu, mie nataka nioge mwenyewe. Kukoshwa nitakoshwa siku moja tu, na siku hiyo sitajijua." Nikakosa la kusema.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hakuna kioo, hakuna pazia, hakuna kizingiti. Sakafu moja kuanzia mlangoni hadi ukuta wa mwisho.

Najua kuna watakaosema haya mambo ya Ulaya, ya kwenye picha. Lakini hebu fikirieni. Nyumba ngapi za Pwani bafu lilikuwa hivyo hivyo toka zamani? Sakafu ya saruji, tundu la maji kwenye kona, ndoo, kata na kigoda, basi. Bibi kaoga hivyo karibu maisha yake yote. Kule kwenye baridi mlango wa kioo una kazi yake, unazuia joto na mvuke visitoke. Tanga mwezi wa pili joto na mvuke tunavyo vya bure.

Halafu hili suala la maji kuruka. Tangi letu liko juu ya mnara, na kutoka usawa wa maji mpaka kichwa cha shawa ni kama mita 3. Kila mita 10 za kimo cha maji zinatoa msukumo wa takriban baa 1, kwa hiyo sisi tunapata baa 0.3 tu. Maji ya namna hiyo hayaruki bwana, yanadondoka. (Wa hosteli mnanielewa.) Kinachotakiwa ni mteremko: sentimita 2 kwa kila mita, sakafu nzima ielekee kwenye tundu kule mwisho. Kwa mita 2.4 ni karibu sentimita 5. Nyumba haina ghorofa, chini ni udongo, kwa hiyo fundi anaweza kuvunja sakafu ya zamani na kuishusha. Hela inakwenda hapo, na kwenye kuziba maji yasipenye chini ya marumaru. Hapo sitaki ubahili.

Upande wa choo tunajenga kiukuta cha sentimita 70, kinabakiza njia ya sentimita 90. Hata ikifika siku ya kiti cha magurudumu (Mungu apishie mbali), kinapita. Na ukuta wa tofali unakubali kufungwa chuma cha kushikia. Kioo je?

Mlango wa bafu lenyewe unabaki, heshima iko palepale, ila nimeomba ufungukie nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unageuka komeo. Mchana mara nyingi Bibi anabaki na Baba tu, na mnajua mtoto wa kiume hawezi kumwogesha mama yake. Akiwa na dharura angalau mlango ufunguke.

Ubaya upo, sifichi. Sakafu nzima italowa, na mdogo wangu anayependa kuingia na soksi atalia. Itabidi wanunue ule mpira wa kusukumia maji, na marumaru ziwe ndogo zisizong'aa, zile zenye maungio mengi, mguu usiteleze.

Baba alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akauliza, "Sasa hii hela ya kioo nimfanyie nini mama?" Nikamwambia anunue vyuma vizuri visivyoshika kutu na kiti cha kuogea. Bibi kakubali yote kwa sharti moja, kata yake isitupwe.

Fundi anaanza kubomoa Jumatatu. Nimemwambia akimaliza mteremko, kabla hajabandika hata marumaru moja, amwage ndoo nzima ya maji pale mlangoni, na Mama asimame sebuleni aangalie yanakokwenda. Haya, nawahi maabara.