Masufuria ya Dakota

Tuseme ukweli kwanza. Kwetu, kando ya kiwanja cha ndege, kulilala Dakota moja ya zamani, bila moteri, bila magurudumu. Tulipokuwa wadogo, sisi watatu tuliikata bati lake kwa shoka, tukamwuzia mzee mwenye kuyeyusha masufuria. Pesa tulikula mandazi. Sufuria moja iko kwa mama mpaka leo, inapika bugali vizuri tu.

Basi, muhula huu mwalimu wa historia alituelezea Dakota nyingine, ya Marekani, na sisi watatu tukanyamaza.

Ile iliundwa Oklahoma. Kijeshi iliitwa C-47. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, rubani John Donalson aliirusha mbele ya zingine zaidi ya 800, zikapeleka askari wa parashuti zaidi ya 13,000 kule Normandie, Ufaransa. Ubavuni waliandika «That's All, Brother», ni kusema: imekwisha, ndugu. Ndugu mwenyewe ni Hitler!

Vita ilipokwisha wakaiuza. Ikapita mikononi mwa wengi, jina likafutwa, wenye kuitumia hawakujua wako na nini. Mwaka 2015 ilikuwa Oshkosh, katika karakana yenye kugeuza Dakota: wanakata mwili mbele ya mabawa, wanaongeza kipande, wanatia moteri za namna nyingine. Ilikuwa inangoja zamu tu. Lakini mwanahistoria mmoja wa jeshi la anga la Alabama alikuwa ameifuata katika makaratasi kwa namba yake, 42-92847. Namba tu, jamani! Chama kinachoitwa Commemorative Air Force kikachangisha pesa, kikainunua, wakaitengeneza upya. Januari 2018 iliruka tena, na mwaka 2019 ikavuka bahari, ikarudia Normandie kisha miaka 75.

Hapo ndipo tuliumia. Ile yetu pia ilikuwa na kibati cha namba, karibu na mlango. Tulikitoa cha kwanza kabisa, juu kilikuwa chepesi kutoka. Pengine ilienda vitani, pengine ilibeba samaki na barua tu.

Siku ya posho tulienda kumwuliza yule mzee kama alibakisha kitu. Alicheka mpaka akaweka koleo chini.

«Batoto, ile namba mulishaikula na mandazi.»