Usipakie Jiko la Moshi Kwenye Kontena

Jiko la moshi la bei nafuu huku Houston huuzwa likiwa vipande ndani ya boksi, na mtu mmoja hulibeba mpaka kwenye gari bila kuomba msaada. Hapo ndipo pa kushtukia. Chuma kinachobebeka kirahisi namna hiyo ni chembamba, mara nyingi hakifiki hata milimita mbili, na moto wa kuni hauelewani na chuma chembamba. Ukiongeza gogo joto linapaa, upepo ukipita linaporomoka, nawe unashinda unakikodolea macho kipimajoto wakati wageni wako wanapiga soga bila wewe.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, jiko lenyewe ni pipa lililolazwa, na ubavuni mwake limechomelewa sanduku dogo la moto. Kuni zinawaka kwenye sanduku, joto na moshi vinapita juu ya nyama, vinatokea kwa bomba la upande wa pili. Nyama haiguswi na mwali. Inakaa kwenye nyuzi 110 hadi 135 za Selsiasi kwa saa kumi, kumi na mbili, mpaka ndani ifike kama nyuzi 95 na ule ugumu wote wa kidari uwe umeyeyuka. Ni kubanika kwa subira kubwa.

Watanzania wa Texas tumelizoea haraka, maana lilitukuta na hamu ya nyama choma. Lakini jiko hili halikuanzia kwa wapishi. Texas ni nchi ya mafuta, na mafundi wa kuchomelea mabomba walikuwa na vipande vilivyobaki kazini, vyenye unene wa robo inchi, yaani milimita sita na ushei. Wakavigeuza majiko ya uani. Aaron Franklin wa Austin, aliyeanza mwaka 2009 akiuza nyama kwenye trela na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya James Beard, alitengeneza majiko yake kwa matangi makuukuu ya gesi. Nalisema hili mapema kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo: jiko zuri la aina hii ni chuma kilichokwishatumika na mkono wa fundi. Sasa kama ni hivyo, mtoto wa Jangwani, Dar es Salaam, anavusha baharini kitu gani?

Maana ndilo swali ninaloulizwa kila kontena la pamoja la kwenda nyumbani linapokaribia kujaa. Mtu ameona jiko limepunguzwa bei, nyumba ya mama ipo Dar, Desemba anashuka, basi alitupie humo. Tupige hesabu. Mzigo wa meli unatozwa kwa ujazo, na jiko lenye miguu na bomba linakula karibu mita moja ya ujazo, nafasi ambayo ingebeba magodoro na nguo za familia nzima. Yale ya dola mia mbili hadi mia tano ndiyo hayo mabati niliyoyataja, na hewa ya chumvi ya Dar itayamaliza. Yale ya chuma kinene yanaanzia dola elfu moja kwenda juu, na mengi yana uzito wa kilo mia mbili na zaidi. Ushuru wa bandarini sijaugusa bado.

Ukitoka Jangwani, ukakata katikati ya Kariakoo kwa miguu huku ukikwepa mikokoteni na bodaboda, unafika Gerezani. Hapo vyuma vinalia toka asubuhi: grenda, nyundo, cheche za kuchomelea zinazokulazimisha ugeuze uso. Wanaotengeneza mageti, majiko ya mama lishe, mikokoteni na vitanda vya chuma wote wapo jirani. Safari yangu ya karibuni nilimwamkia fundi mmoja wa makamo, nikamweleza ninachotaka, nikamchorea chini kwa chaki. Akasikiliza, akanivutia kipande cha bati la milimita mbili.

"Hili linakutosha, kaka. Na bei poa."

Nikamwambia sanduku la moto nalitaka la milimita sita.

"Sita? Tunatengeneza jiko au sefu ya benki?"

Wakacheka hadi vijana wake. Lakini aliposikia kwamba moto utakaa humo saa kumi na mbili mfululizo, alinyamaza, akaenda nyuma kwenye lundo, akarudi na kipande chenye kutu ya juu juu. Akakigonga kwa nyundo mara mbili, akasikiliza mlio wake, akakipima ukingo kwa rula ya chuma. Sita kamili. Kilitoka kwenye tangi fulani, akasema, na hakuna aliyekuwa akikitaka kwa sababu kukikata ni kazi.

Siri ya kuokoa hela ni kujua chuma kinene kinahitajika wapi. Si jiko zima. Sanduku la moto ndilo linalopinda na kutoboka, kwa hiyo mfuko wako umalizikie hapo. Pipa la nyama linapokea joto lililokwishapoa, na Dar hewa ya nje ina nyuzi 30, si baridi ya Minnesota ambako chuma chembamba hupoteza joto lote angani. Kwa hali yetu, pipa la kawaida la lita 200 linatosha kabisa.

Kanuni ya mafundi wa Texas ni kwamba sanduku la moto liwe na ujazo wa kama theluthi moja ya chumba cha nyama. Theluthi ya lita 200 ni lita 67 hivi. Sanduku la sentimita 40 kila upande linakupa lita 64, umefika. Pande zake sita zinakula chini kidogo ya mita moja ya mraba, na shiti nzima ya futi nne kwa nane ina karibu mita tatu, kwa hiyo huhitaji kununua shiti. Nunua vipande. Vya milimita sita vitakuwa na uzito wa kilo 45 hivi. Ongeza pipa, miguu, wavu na bomba, na jiko zima halifiki kilo mia. Kumbuka uzito huo, nitaurudia.

Kuhusu pipa, uliza lilibeba nini. Lililokuwa na mafuta ya kula ni sawa. Lililobeba kemikali liache, hata wakikupa bure. Na hata hilo la mafuta lina rangi ya ndani, kwa hiyo liwashiwe moto mkali mpaka rangi yote iungue, kisha lisuguliwe. Ndani lisipakwe rangi tena kamwe. Linapakwa mafuta ya kula na kukaushwa kwa moto, kama unavyozoesha kikaango kipya. Bomba la moshi liwe la inchi nne, jeusi, lisilo na zinki, na litoke usawa wa wavu, si juu kwenye paa la pipa. Zinki kwenye moto inatoa mvuke wa sumu, na fundi atakayekuambia haina neno, mshukuru uende kwa mwenzake.

Mlango ndio unaoharibu kazi nyingi. Ukilikata pipa lote kwanza, linaachia umbo lake na mfuniko haurudi sawa maisha. Mwombe fundi akate upande wa bawaba, achomelee bawaba, ndipo amalizie pande zilizobaki. Ukingoni azungushie flati ba ili moshi usivuje. Akimaliza, ingiza simu yenye tochi ndani ya pipa, funga, sogeza jiko kwenye kivuli. Mwanga ukipenya kama uzi, si kitu. Ukipenya kama kisu, arudie.

Kuni sasa. Texas wanaupigia debe mwaloni na mesquite. Ajabu ni kwamba ndugu wa huyo mesquite ndiye Wakenya wa Baringo wanayemwita mathenge, mti uliopandwa miaka ya 1980 kupambana na ukame, ukageuka balaa la malisho na mbuzi. Huku mesquite unauzwa kwenye mifuko kama kitu cha anasa. Dar sikushauri kuhangaika na majina: mpera, mkwaju, mgunga, kuni zozote zilizokatwa miezi sita nyuma na kukauka sawasawa. Mwarobaini na mkaratusi vinaacha uchungu. Mikoko ni misitu ya hifadhi, usiiguse. Mbao za kreti za bandarini huwezi kujua zimepuliziwa dawa gani. Na moshi uwe mwembamba, wa rangi ya samawati. Ukiona mweupe na mzito, moto haupati hewa na nyama itakuwa na ladha ya lami.

Kuna neno la kusema hapa dhidi yetu. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na shabaha ni asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Mama mdogo alishahamia kwenye gesi zamani, na ni mimi niliyetoka Marekani nikamletea kuni uani! Alinitazama, akaguna tu. Ana haki. Jiko hili ni la sikukuu, la siku za watu wengi, na anayetaka kulifanya la kila siku katika mji ambao mkaa umekwishakula misitu ya Pwani, mimi simo.

Uani wenyewe ndiyo habari kubwa zaidi kuliko chuma. Houston nina uwanja wa nyuma wangu peke yangu, una uzio wa mbao, na jirani nisiyemjua jina anafunga dirisha moshi ukielekea kwake. Jangwani nyumba ni ya vyumba sita na ukumbi katikati, uani ni wa wapangaji wote: kamba za nguo, ndoo, watoto wanakimbizana. Sanduku la milimita sita linabaki na joto muda mrefu baada ya moto kuzima, kwa hiyo lizungushie wavu wa chuma, maana mtoto hasubiri kuambiwa. Na upepo hauko mmoja. Wakati wa kusi moshi unakwenda upande huu, kaskazi ikiingia unakwenda kwenye nguo za yule aliyekuwa salama. Jiko la Jangwani lazima liwe na magurudumu.

Magurudumu yana kazi nyingine. Jangwani ni bonde la Msimbazi, na mto huo haujawahi kuomba ruhusa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi hapo Jangwani imejaa maji mara ngapi sote tumeona. Houston nako, Agosti 2017, kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya mita moja ya mvua sehemu kadhaa. Inaonekana nina kipaji cha kuchagua miji inayozama. Ndiyo maana zile kilo mia ni muhimu: vijana wawili wanalinyanyua jiko hadi barazani mawingu yakishajikusanya. La Texas la kilo mia mbili na hamsini litabaki humo ndani ya maji.

Nyama ya nyumbani inataka akili tofauti. Kidari cha dukani Houston kina kilo tano, sita, kimefunikwa mafuta ya unene wa kidole, na mafuta hayo ndiyo yanayokilinda saa zote hizo. Ng'ombe wetu anayefika mnada wa Pugu kwa safari ndefu hana mafuta hayo, na bucha wa Kariakoo atakukatia kwa shoka kabla hujamaliza sentensi. Mimi sitafuti kidari tena nikiwa Dar. Natafuta nundu. Wabrazili wameliheshimu siku nyingi, wanaliita cupim na kulichoma taratibu. Sisi tunalikatakata kwenye mchuzi. Lina mafuta yaliyopita ndani kwa ndani, na baada ya saa nane kwenye moshi linakatika kwa uma. Mwambie bucha jana yake akuwekee zima. Houston sijaliona kwenye friji ya duka lolote.

Huku nina kuni, nina uwanja, nina jiko zito, na nyama ikiiva saa kumi na moja jioni wenzangu wako zamu. Nakula na mke na watoto, iliyobaki inaingia kwenye friza. Kule saa kumi na mbili za kusubiri si mzigo, kwa kuwa kuna anayechochea moto, kuna anayebishana Yanga na Simba, na saa ya kukata nyama hakuna atakayekuwa mbali. Kinachonitia wasiwasi kule ni uani wenyewe. Nyumba za mtaa wetu zinakwenda moja moja, zingine kwa ghorofa, zingine kwa mradi wa bonde la Msimbazi. Chuma cha milimita sita kitaishi miaka ishirini bila shaka. Uani wetu sina hakika nao.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejaza kontena mwezi huu: nafasi hiyo yape magodoro. Kwenye begi weka kipimajoto cha waya kinachokaa usawa wa wavu, kwa sababu vile vya kubandikwa kwenye mfuniko vinadanganya. Jiko lifuate Gerezani, uende mwenyewe, usimtume mdogo wako na picha ya simu. Fundi atataka nusu ya hela kabla ya kuanza. Mpe, ni haki yake. Nusu ya pili ilipwe siku ile mlango umefungwa na mwanga wa tochi haupenyi kama kisu.