Mama wangu

Profesa aliyeniongoza alisoma matokeo yangu kwa sauti: "Mama wangu amefika. Kaka wangu amefika. Rafiki wangu amefika." Akavua miwani. "Mwanangu, mama yako akisikia haya atajua kweli umesoma Kiswahili?"

Niliona aibu. Sisi wa Lubumbashi, ambao nyumbani husema hata "kitabu yangu", hatuna udhuru wa kukosea "mama yangu".

Programu yangu ya upatanisho niliiandika kwa Ruby, lugha ambayo Yukihiro Matsumoto wa Japani aliitoa hadharani mwaka 1995. Kila ngeli niliifanya klasi, na kila nomino kitu cha klasi hiyo. Mtu, mwalimu, mkulima: wote NgeliYa1, wote "wangu". Mama aliponisumbua, nikamwandikia metodi yake mwenyewe:

def mama.kimilikishi; "yangu"; end

Hapo Ruby hufanya jambo la kimya. Hukitengenezea kitu hicho kimoja klasi yake ya pekee, na kuiweka kati yake na klasi ya kawaida. Metodi inapoitwa, hutafutwa kwanza humo, ndipo Ruby ipande NgeliYa1. Lakini ukiandika mama.class, jibu ni NgeliYa1, kana kwamba hakuna kingine. Mpaka uandike mama.singleton_class ndipo chumba cha ndani kifunguke. (Namba hazina chumba hicho: jaribu kuiandikia 5 metodi yake, Ruby itakataa.)

Nilipojaribu, mama akajibu "yangu". Nikalala kwa amani.

Kumbe kila sentensi ilipotungwa, programu ilitumia dup kunakili nomino, ili ile ya asili isiharibike. Nakala ya dup hubeba data za kitu, lakini klasi ya pekee huachwa nyuma. Clone huichukua pia. Kwa hiyo nakala ya mama ilizaliwa NgeliYa1 tupu, kama mkulima.

Kubadilisha dup kuwa clone hakukuchukua hata dakika moja. Nilikuwa karibu kuchapisha upya nilipoitazama orodha ya vitu nilivyovipa klasi ya pekee: mama, baba, kaka, dada, shangazi, ndugu, rafiki, jirani. Maneno manane, vyumba vinane, na ndani ya kila kimoja mstari uleule. Nami katika sura ya tatu nilikuwa nimeyaita "maneno yasiyofuata kanuni". Yanaifuata! Kitenzi chake ni cha watu, "amefika". Kimilikishi chake ni cha ngeli ya 9, "yangu". Kanuni nzima nilikuwa nimeificha vipande vipande, mahali ambapo hata mama.class haikuionyesha.

Nikafuta zile metodi nane, nikaunda klasi moja chini ya NgeliYa1, na sura ya tatu nikaianza upya. Usiku ule ndipo nilipokumbuka neno ambalo profesa aliniita: mwanangu. Nalo halikuwamo katika programu.