Ua Lililoomba Kivuli



Juma hili napenda kuungama mbele yenu kosa lililonikaa moyoni muda mrefu. Miaka kadhaa iliyopita, kigango kimoja katika milima yetu hii ya Usambara kilipungukiwa mbao za kuezekea. Kando ya kijito palisimama miti miwili mikubwa iliyolitia kivuli jabali lenye unyevu. Wazee walipouliza, nilijibu pasipo kutafakari: “Kateni.”

Bibi mmoja hakunipinga. Alinionyesha tu maua madogo yaliyoota katika nyufa za jabali lile, akasema kwa upole, “Na haya, Baba, yatakaa wapi?” Nilitabasamu. Machoni pangu yalikuwa magugu.

Baadaye nilijaliwa kufika Ujerumani. Katika nyumba niliyokaribishwa, dirishani palikuwa na chungu cha maua yale yale. Mwenyeji wangu akaniambia kwa furaha kwamba wao huliita urujuani wa Usambara, kisha akaniuliza linavyoishi kwetu. Nilikosa la kujibu. Mgeni alilijua jina la milima yangu kwa sababu ya ua nililolidharau.

Ndipo nilipojifunza. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa kikoloni wa Kijerumani, aliliona huku Usambara na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, alilipa jina Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wanasayansi waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini mimea yenyewe haikujua kwamba imebadilishiwa jina.

Nanyi litazameni vema. Si mti wala kichaka; aghalabu kimo chake hakizidi sana kiganja cha mkono. Majani yake manene, yenye vinyweleo laini, hujipanga kwa duara, kila moja juu ya kikonyo chake, hivi kwamba mengi hupata sehemu ya mwanga bila kulifunika jirani. Katikati huchomoza maua ya zambarau: ncha mbili ndogo juu, tatu kubwa zaidi chini, na vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Hutosheka na udongo kidogo uliokwama katika ufa wa mwamba. Jani moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu laweza kuzaa mche mpya. Lakini jua kali haliwezi kulistahimili. Maisha yake yote huyategemea matawi ya wengine.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kijitoni. Jabali lilikuwa kavu, majani yameungua. Paa la kigango lilikuwa zuri, nami sikuweza kulifurahia. Mtu aweza kuniambia kwamba maua hayo yamejaa madirishani Ulaya na Marekani. Ni kweli, lakini aina za porini ni nyingi, na nyingine huishi katika eneo dogo sana, pengine bonde moja tu. Hiyo ikipotea, chungu cha dirishani hakiwezi kuirudisha.

Nimehubiri mara nyingi juu ya maneno ya Bwana katika Injili ya Mathayo sura ya 6, anapotuagiza kuyatazama maua ya kondeni. Nilikuwa nikifafanua fundisho, kumbe ua lenyewe sijalitazama.

Nilimwendea bibi yule kumwomba radhi. Hakunilaumu. Alinishika mkono, tukashuka bondeni polepole hadi penye mti mmoja uliosalia. Chini yake, katika ufa, yalikuwapo machache, yamechanua.

Tangu siku hiyo tumepanda miche ya miti ya asili kando ya kijito. Bado ni midogo. Kivuli chake huenda kikafika nikiwa nimekwisha kuondoka duniani. Nawasihi basi, ndugu zangu: kabla ya kuinua shoka, inameni kwanza mkaangalie ni nani anayeishi chini ya mti huo. Na mzee asiye na sauti kubwa akiuliza swali dogo, msitabasamu kama nilivyotabasamu mimi.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.