Udongo Uliokwenda

Nilizaliwa pwani, na mchanga niliujua kwanza kwa unyayo. Maji yakupwapo, ukiukanyaga mchanga uliolowa na kushikamana, kando ya mguu hugeuka rangi ghafula, ukaonekana mkavu. Utotoni nilidhani kuwa mguu huyakamua maji. Mwaka 1885 Osborne Reynolds, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kuwa mambo ni kinyume: chembe zilizobanana haziwezi kusogea ila zipandane, na zipandanapo nafasi baina yao hupanuka, maji ya juu yakanyonywa ndani. Mchanga wa namna hiyo, ukisukumwa, hujikaza.

Nililikumbuka jambo hili dogo nilipokuwa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima uliachia. Tope, mawe na magogo yalishuka kwa njia za makorongo yakaingia mjini na katika vijiji vya Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kwa kuwa Hanang ni volkano ya kale, wako waliodhani imeamka. Serikali ilieleza kuwa ni miamba dhaifu iliyonyonya maji hata ikameguka.

Hapo udongo ulitenda kinyume cha mchanga wangu. Udongo uliolegea na kujaa maji, ukisogea, haupanuki bali husinyaa. Maji, yakikosa pa kupita, huanza kuubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na chembe kwa kulemeana. Chembe zikiacha kulemeana msuguano hutoweka, na kilichokuwa kigumu jana hushuka kama uji, kikichukua mawe ya kimo cha mtu. Ngano ya Hanang ikimwagwa turubaini huteleza kidogo, kisha chungu hutulia, ni kavu.

Mimi ni mtu wa maneno, na neno ndilo lililonikera. Magazeti mengine yaliandika “mafuriko”. Aambiwaye mafuriko hutazama mto, akapima kina, akangoja. Aambiwaye maporomoko hutazama mlima. Wala Kiswahili hakikupungukiwa: udongo humomonyoka chembe kwa chembe, humeguka bonge kwa bonge, hutitia chini ya mguu, huporomoka. Nakiri kuwa nimewahi kuvifundisha vitenzi hivi kana kwamba ni visawe.

Nilimwuliza mzee mmoja wa hapo waliliitaje jambo lile. Alinitajia neno la Kiiraqw. Nikaliandika, akalitazama, akanisahihisha mara mbili.