Siku Tano za Kuitwa Mwizi

Kuna mchezo mmoja ambao nimeucheza kwa karibu miaka saba, na mama yangu ameuchukia kwa miaka hiyo hiyo. Unaitwa Old School RuneScape. Wenzangu darasani wakisikia nauzungumzia hufikiri nazungumzia ile michezo ya kufyatuliana risasi ambayo vijana huicheza kwenye mabaraza ya maduka pale Nakawa, simu zikiwa zimelazwa mkononi kwa ubavu. Sivyo. Naomba nieleze kidogo, kisha nifikie jambo lililonifanya niandike insha hii.

RuneScape ulianzishwa Uingereza Januari 2001 na ndugu wa ukoo wa Gower. Toleo ninalolicheza mimi lilifunguliwa Februari 2013, baada ya wachezaji wenyewe kupiga kura kutaka mchezo urudishwe kama ulivyokuwa Agosti 2007. Unaingia, unaumba mtu wako, unampa jina, kisha unamfundisha kazi: kukata miti, kuvua samaki, kuchimba madini, kupika, kupigana. Kila kazi ina ngazi kuanzia 1 hadi 99, na ngazi hizo hazilingani. Anayefika ngazi ya 92 amefanya nusu tu ya kazi ya kufika 99. Ni mchezo wa watu wenye subira, au, kwa maneno ya mama, wa watu wasio na kazi. Maelfu ya wachezaji wamo humo kwa wakati mmoja. Unawaona wakipita, unanunua kwao, unawauzia, mnazungumza.

Ulifika kwenye simu Oktoba 2018, nami nilikuwa kidato cha tatu, nikitumia simu ya kaka yangu yenye kioo kilichopasuka. Wanaokumbuka mwaka huo watakumbuka kwamba tangu Julai serikali ilikuwa ikitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. WhatsApp ilitozwa, Facebook ilitozwa. Mchezo wetu haukutozwa, na ndani yake kulikuwa na mahali pa kuandikiana. Kwa hiyo mimi na rafiki zangu wawili wa Kinawataka tulikuwa tunakutana humo kila jioni, tukivua samaki na kupiga soga bila kulipa hizo mia mbili. Naamini hatukuwa peke yetu.

Kitu kingine kilichotufaa ni kwamba mchezo huu hauna haraka. Ulimwengu wake hupiga hatua moja kila baada ya sekunde 0.6, na yote unayoamuru husubiri hatua inayofuata. Mtandao wetu hata ukiwa mzito kiasi, mchezaji wa Nakawa na mchezaji wa London hawatofautiani sana. Kwenye michezo ya risasi, mwenye intaneti nzuri hukuua kabla hujamwona. Hilo ni dogo, lakini siipendi michezo ile kwa sababu kubwa zaidi: ukimaliza raundi, wote mliocheza nao wanatawanyika, na kesho unapewa wengine. Unaweza kumtukana mtu, kumwacha afe, kumwibia, na hakuna atakayekukumbuka. Kwenye RuneScape kesho utamkuta mtu yule yule pale pale ufukweni, na anakukumbuka.

Ufukwe nilioupenda unaitwa Musa Point, katika kisiwa cha Karamja. Siku ya kwanza kuona jina hilo kwenye ramani nilimwita kaka aje aone: hata Waingereza wameweka Karamoja yetu kwenye mchezo! Hakuna uhusiano, nadhani, lakini hakuna aliyeweza kuniambia hivyo wakati ule. Nauli ya meli kwenda kisiwani ni sarafu 30. Huko kuna shamba la ndizi, na ukijaza sanduku kwa ndizi 10, mwenye shamba anakulipa sarafu 30. Yaani ujira wote ni nauli ya kurudi. Wakati wa kuondoka, maofisa wa forodha wanapekua mzigo wako wakitafuta pombe ya magendo. Nilipomsimulia mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori la kwenda Mombasa, alicheka sana, akasema waliotengeneza mchezo huo lazima waliwahi kupita Malaba.

Hapo Musa Point ndipo nilipokutana na Kiswahili.

Katika mtaa wetu Kiswahili kilikuwa kwanza sauti ya askari wa kambi ya Mbuya. Mama, ambaye anauza nyanya katika soko la Nakawa, alilelewa akiambiwa kwamba hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi. Akisikia mtu anazungumza Kiswahili karibu na kibanda chake, anasogeza mkoba wa pesa. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka wa 1973, Bunge likakifanya lugha rasmi ya pili mwaka wa 2005, lakini mkono wa mama haukusoma katiba.

Siku moja mwaka wa 2019 nilikuwa navua, nikaona wachezaji wawili wanaandikiana kwa lugha hiyo. Nilielewa nusu. Nikawaandikia kwa Kiingereza, nikawauliza wanatoka wapi. Mmoja alikuwa wa Mombasa, nitamwita Likoni. Wa pili alikuwa wa Tanga, nitamwita Pweza, kwa kuwa majina yao ya mchezoni si yangu kuyatangaza. Walikuwa na kikundi cha Waafrika Mashariki kama 15, wakanikaribisha kwa sharti kwamba nijaribu kuandika Kiswahili. Pweza ndiye aliyenifundisha kwamba yule mdudu wa baharini tuliyekuwa tunamvua kwa mitego anaitwa kamba koche. Mimi wa Ziwa Viktoria nilijua sangara na ngege tu. Ndiye pia aliyenifundisha shikamoo, ambayo huku kwetu haitumiki sana. Umbo lake mchezoni lilikuwa la jitu la kiume lenye ndevu nyekundu. Niliandika shikamoo kwa majaribio tu, nikajibiwa marahaba, na baada ya siku chache nikafahamu kwamba namsalimu mama wa watoto wanne.

Mwaka wa 2020 shule zilifungwa Machi, nami nilikuwa nimeanza kidato cha tano. Nilicheza kupita kiasi, sikatai. Nilijikusanyia dhahabu ya mchezoni ya kutosha kununua hati ambayo hukupa siku 14 za uanachama, kwa maana mtoto wa soko la Nakawa hana kadi ya benki ya kulipia kwa dola. Mwanachama anafunguliwa sehemu kubwa ya dunia ambayo wengine hawaioni. Pia anaruhusiwa kupiga kura: wakati huo hakuna kipya kilichoingizwa mchezoni bila asilimia 75 ya wapiga kura kukubali. Lilikuwa jambo la ajabu kwangu, kwamba kampuni inawauliza wateja wake, na wakikataa inaacha.

Nilihitaji silaha. Pweza alikuwa na mjeledi, ambao huruhusiwi kuushika kabla ya ngazi ya 70 ya ushambuliaji, na ambao hupatikana kwa kuua mashetani ambao nao hawapigiki mpaka ufike ngazi ya 85 ya uwindaji. Mchezo hauna utaratibu wa kukopesha. Ukimpa mtu kitu, kimekuwa chake. Hakuna polisi, hakuna mahakama, na kampuni haimrudishii kitu mtu aliyekitoa kwa hiari yake. Pweza alinipa mjeledi Jumatano, tarehe 13 Januari 2021, mchana. Nilimwahidi, mbele ya kikundi chote, kwamba kesho asubuhi utakuwa mkononi mwake.

Ninyi nyote mnajua kilichotokea jioni ile. Mitandao ya kijamii ilikuwa imefungwa tangu jana yake. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14, na usiku wa kuamkia siku hiyo intaneti yote ya Uganda ilizimwa. Ilirudi tarehe 18.

Siku ya kwanza nilidhani ni kifurushi changu kimekwisha. Siku ya pili nilianza kuhesabu: uanachama wangu wa siku 14 unaendelea kuliwa hata kama sipo. Siku ya tatu sikujali tena uanachama. Nilikuwa nawaza tu kile wanachoandika kule. Mama aliniona nazunguka uani, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia ukweli, kwamba nina kitu cha mtu na nimeshindwa kukirudisha.

"Mpigie simu," akasema.

"Sina namba yake."

"Anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jina lake la kweli.

Nilitegemea anicheke, au aanze tena hotuba ya kupoteza muda. Lakini mama anakopesha nyanya, na katika daftari lake wamo wateja ambao ameandika tu "mwenye kofia" au "wa bodaboda nyekundu". Alifikiri, akauliza, "Na yeye amekupa tu hivyo hivyo, bila kukujua?" Nikasema ndiyo. "Basi mtandao ukirudi, anza na deni. Salamu baadaye."

Ukarudi Jumatatu. Niliingia, nikakuta nimefukuzwa katika chaneli ya kikundi. Rafiki yangu mmoja wa Kinawataka, ambaye hakuwa amefukuzwa, alinionyesha yaliyokuwa yameandikwa. Likoni alikuwa ameandika kwamba aliwaonya tangu mwanzo, Waganda ndivyo walivyo. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Lugha ambayo mama aliniambia ni ya wezi ndiyo iliyotumika kuniita mimi mwizi, na nilikuwa nimeshajifunza vya kutosha kuielewa bila kamusi.

Jina la Pweza lilikuwa la kijani, maana yake yumo. Nilimwandikia, "Mjeledi ninao. Njoo uuchukue," nikakumbuka, nikaongeza, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba. Nilijua. Tulisikia habari kwenye redio." Alikuwa amewaambia wasubiri. Likoni alijibu kwamba hata mwizi husikiliza redio. Tulikutana benki, nikampa mjeledi wake, akanishukuru kana kwamba sikuchelewa. Nikamwomba anirudishe kikundini. Akakataa kwa upole: "Mwenye kikundi ni mwenzio, mdogo wangu. Nenda kazungumze naye mwenyewe."

Nilikwenda. Likoni alikaa siku mbili, kisha akajibu neno moja, "Sawa," nikafunguliwa mlango. Hakuomba radhi, nami sikudai. Tuliendelea kucheza pamoja kwa miaka kadhaa, na ni mchezaji mzuri. Lakini tangu siku ile, nikisema nahitaji kitu, chaneli inanyamaza kidogo kabla ya mtu kujibu. Sikuiba, kila mtu anajua sikuiba, na ule ukimya haukuondoka.

Wapo wanaosema michezo hii inatuepusha na dunia halisi. Sijawahi kuona hivyo. Serikali ilituzimia intaneti, na mimi ndiye niliyeonekana mwizi. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, Wavenezuela wengi waliingia RuneScape kuua majoka na kuuza dhahabu kwa dola, kinyume cha sheria za mchezo, ili wale. Mwaka wa 2017 baadhi ya wachezaji waliandika hata maelekezo ya jinsi ya kuwawinda na kuwaua huko, na wengine wakaona ni mzaha mzuri. Nami, nilipoyasoma mara ya kwanza nikiwa na miaka 16, nilicheka.

Ningependa kusema kwamba baada ya Januari 2021 sikucheka tena namna hiyo. Mwaka wa 2025, mnamo tarehe 20 Januari, kijana mmoja wa Goma aliyejiunga nasi mwishoni mwa mwaka uliotangulia aliniomba mjeledi. Sasa nina wangu mwenyewe. Kiswahili chake kilinifurahisha, nilikuwa nakinukuu kwenye daftari kwa ajili ya somo la lahaja. Alisema ataurudisha "siku ya yenga", ndivyo alivyoiita Jumapili. Jumapili, tarehe 26, jina lake lilikuwa jekundu kutwa nzima. Jumatatu nikiwa kibandani kwa mama, nikimsaidia kupanga nyanya, nilitoa simu nikaandika kwenye chaneli: Mkongo ametuibia.

Likoni hakujibu kitu. Pweza aliandika, "Una redio hapo ulipo?"

Redio ilikuwepo, ya jirani anayeuza vitunguu, na ilikuwa inazungumza tangu asubuhi. M23 walikuwa wameingia Goma. Umeme na intaneti vilikuwa vimekatika. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo masaa mawili kwa sikio moja, huku kwa jicho jingine nikitazama kama jina limegeuka kijani.

Nilifuta yale maandishi kwenye simu yangu, lakini kwenye mchezo maandishi hayafutiki, yanasogea tu juu mpaka yapotee. Nimeandika pia ujumbe wa kumwambia asijali kuhusu mjeledi. Mchezo haukubali kumpelekea ujumbe mtu ambaye hayumo. Kwa hiyo kila nikiingia, kabla sijaenda kuvua, nafungua orodha ya marafiki na kutazama rangi ya jina lake. Hadi leo ninapoandika ni jekundu.